Walivyomnyima Kura Fundi Cheche

Fundi Cheche hakuzaliwa na nia ya kuongoza mtu. Hata nyumba yake ilimshinda kuiongoza, kwa kuwa humo kulikuwa na mke, na juu ya mke kulikuwa na mama mkwe, na yeye alishika nafasi ya tatu siku ambazo paka hayupo. Kazi yake ilikuwa kuchomelea vyuma: mageti, madirisha ya nondo, vitanda, na mara mojamoja mguu wa kiti cha saluni. Kibanda chake kilikaa kwenye kona, pale ambapo lami inakata tamaa na kuwa vumbi. Kila apitaye hapo alishajua kugeuza uso, asije akaumwa na ule mwanga wa buluu. Ndiko alikolipata jina la Cheche, ingawa wapo waliosema alilipata kwa sababu ya ulimi wake.

Maana alikuwa mlalamikaji wa kupigiwa mfano. Alilalamikia mtaro uliokaa wazi kama mdomo wa mtu aliyelala. Alilalamikia choo cha sokoni, ambacho mlango wake haukufungika, ikabidi kila aingiaye aimbe ili walio nje wajue kuna mtu. Alilalamikia muziki wa Mwenye Ukumbi, tajiri wa ukumbi wa dansi, ambaye spika zake zilitikisa sufuria za watu kabatini mpaka alfajiri. Wateja walimsikiliza, wakaitikia "kweli kabisa, Fundi," kisha wakauliza kama geti liko tayari.

Diwani wao wa zamani alikuwa fundi bomba. Enzi zake za spana alikuwa mtu wa watu. Ukimwita asubuhi, mchana maji yanatoka. Walimpenda mno, wakamchagua kwa kishindo, na toka siku ile hawakumwona tena isipokuwa kiwiko chake dirishani mwa gari. Baadaye akapanda cheo kwingine, na kiti cha udiwani kikabaki wazi.

Mambo yangeishia kwenye malalamiko kama si ngazi za zahanati. Zahanati ilijengwa juu ya kilima, pengine ili wagonjwa wachujane wenyewe kabla hawajamfikia daktari. Ngazi zake za zege zilikuwa zimemeguka na hazikuwa na pa kushika. Siku moja ya manyunyu, mama mkwe wake Cheche alipanda kutafuta dawa ya kikohozi, akashuka na mkono uliovunjika. Kikohozi nacho alirudi nacho.

Cheche alikwenda ofisi ya kata bado amevaa aproni ya ngozi. Karani alikuwa anamenya karanga.

"Nataka ngazi za zahanati ziwekewe chuma cha kushika," alisema Cheche. "Chuma ninacho. Mikono ninayo. Nataka ruhusa tu."

"Ruhusa hiyo haitoki kwangu," alisema karani bila kuacha karanga. "Hilo ni jambo la kupelekwa kikaoni na diwani."

"Diwani hatuna."

"Ndiyo maana halijapelekwa."

"Kwa hiyo watu waendelee kuporomoka?"

"Watembee polepole, Fundi."

Damu ikampanda Cheche. "Basi huyo diwani nitakuwa mimi!"

Alitegemea karani ashtuke, au walau acheke. Karani akapuliza maganda ya karanga mezani, akasema, "Karibu sana. Fomu zinatoka Jumatatu."

Nyumbani, habari hiyo ilipokelewa kwa utulivu uliomuudhi. Mkewe alikuwa anapiga pasi sare za shule. Alimsikiliza mpaka mwisho, akageuza kola, akauliza, "Na suti utatoa wapi?"

"Mama watoto, mimi naongelea mustakabali wa mtaa."

"Nimesikia. Mustakabali hauvaliwi na aproni."

Mama mkwe, mkono ukining'inia kwenye kitambaa shingoni, alimkagua mkwe wake juu hadi chini. "Nenda baba," alisema. "Ukishindwa utarudi hapa hapa."

Chama kilichomkubali kilikuwa kidogo, kiasi kwamba bendera yao ilikuwa moja, na ikifuliwa ilibidi wasubiri ikauke. Wakampa bendera na baraka, na meneja wa kampeni akajitafutia mwenyewe: jirani yake Kipaza, mstaafu aliyetumia nusu ya maisha yake kutangaza safari za mabasi kituoni. Kipaza alikuwa na sauti nene ya kuheshimika, ila kazi ya zamani ilikuwa imemganda kooni. Mkutano wa kwanza aliufungua hivi: "Wananchi wote mnaoelekea maendeleo, tafadhali sogeeni mbele na mizigo yenu!" Bibi mmoja kweli alinyanyua kapu lake.

Kisha akapanda Cheche. Hotuba aliandikiwa na Kipaza, na ndani yake kulikuwa na neno "miundombinu" kila baada ya pumzi. La kwanza alilivuka. La pili likamkwaza. Alipofika la tatu, kile kijiti cha kushikilia maikrofoni kikalegea, maikrofoni ikainama taratibu kama mtu anayesinzia, na Cheche akaifuata mpaka akawa anahutubia magoti yake. Watu wakaanza kuchekea viganjani. Basi akanyamaza, akatoa koleo mfukoni, akakaza kijiti kile, akakitikisa kuhakikisha, akairudisha maikrofoni juu. Uwanja ukalipuka kwa makofi. Hakuna mgombea aliyewahi kuwafanyia jambo likaisha wakiwa bado wanatazama.

Kipaza hakuwa mjinga. Walipokuwa wanarudi alisema, "Ndugu yangu, maneno tuachane nayo. Wewe funga vyuma."

Ndivyo kampeni ilivyoendelea. Mwenye Ukumbi, ambaye naye alikuwa amejitosa kugombea, alizunguka na lori la spika akigawa fulana na kuahidi uwanja wa michezo wenye paa. Cheche alizunguka na mkokoteni wenye mashine yake ya kuchomelea. Mlango wa choo cha sokoni aliutia bawaba na komeo. Wauza nyanya walisema sasa watakosa burudani, lakini walisema wakiwa wanacheka. Bombani alijenga benchi la vyuma chakavu, wenye ndoo wapate pa kukaa foleni ikiwa ndefu. Mtaro aliufunika kwa wavu wa nondo mbele ya kila lango. Na ngazi za zahanati aliziwekea chuma cha kushika, tokea chini hadi juu, bila kumuuliza karani. Karani mwenyewe, aliyekuwa na mguu mbaya, alionekana akipanda kwa kukishikilia.

Kila alipokwenda alipokewa kama mvua baada ya ukame. "Kura yangu unayo, Fundi!" "Wewe ndiye wetu!" Mpaka akaanza kunenepa uso. Akanyoa ndevu. Akaazima suti ya shemeji yake na kujizoeza kutembea nayo uani, mikono nyuma, huku kuku wakimpisha. Mkewe alimkuta mara moja akikiambia kioo, "Nashukuru kwa imani yenu," akarudi nyuma kimyakimya asimwaibishe.

Siku chache kabla ya uchaguzi alipitia bombani. Foleni ilikuwa ndefu, na mama muuza mkaa, mwanamke mwenye sauti ya kukata kuni, alikuwa amekalia lile benchi.

"Fundi," alisema, "hebu tuambie. Ukishapata huo udiwani, tutakupata wapi?"

Cheche alifurahi kuulizwa. "Nitakuwa halmashauri, dada. Kule kuna ofisi. Na vikao."

"Vikao vingi?"

"Vingi sana! Kamati ya afya, kamati ya ujenzi, kamati ya fedha. Kuna vingine vinakula wiki nzima."

"Kumbe. Na kibanda chako pale konani?"

"Diwani hachomelei vyuma, dada yangu," alisema Cheche kwa upole, kama anayemfunza mtoto. "Diwani anasimamia wanaochomelea."

Foleni nzima ikanyamaza. Maji yalisikika yakijaa kwenye ndoo, yakamwagika, na mwenye ndoo hakufunga. Cheche aliutazama ukimya ule akaona ni heshima. Akawapungia mkono, akaenda zake, koti likimpwaya mabegani.

Siku ya kura watu walijitokeza kwa wingi, wakamsalimu kwa furaha, wakamwombea heri. Jioni yake matokeo yakasomwa pale shuleni. Kura za Fundi Cheche zingejaza basi moja, na baadhi ya abiria wangekalia viti viwili. Mwenye Ukumbi alishinda mpaka mwenyewe akaomba msomaji arudie.

Cheche alirudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Alivua suti, akaikunja vizuri maana si yake, akakaa kitandani na vesti. Mkewe alimletea chai, akakaa karibu naye.

"Sema kweli," alisema Cheche. "Wewe ulinipigia?"

"Nilikupigia, mume wangu."

"Ahsante."

"Nilijua hutashinda," alisema mkewe, na kwa namna alivyosema, ilikuwa kama kumfariji.

Asubuhi hakufungua kibanda. Lakini kabla jua halijakaa sawa, mlango ulibishwa. Alikuwa mama muuza mkaa, amebeba jiko lililokatika mguu.

"Pole sana na matokeo, Fundi," alisema. "Yametuuma wote. Hili jiko lina mguu umeng'oka."

Nyuma yake alikuwepo kijana wa baiskeli yenye uma uliopasuka, na nyuma yake mwenye duka la vitabu, akiwa na kufuli. Wote walikuwa na nyuso za msibani na vyombo vibovu mikononi. Cheche aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Kama huyu amemnyima, na huyu amemnyima, na huyu...

"Nendeni kwa diwani wenu!" alifoka, akabamiza mlango kwa nguvu, ila bawaba, aliyoitengeneza mwenyewe, haikulalamika.

Aliyemweleza ukweli ni mama mkwe. Cheche alimkuta sebuleni akichambua mchele kwa mkono mmoja, ule mzima, naye akamwambia akae.

"Baba," alisema, "mimi nimekula na kulala nyumbani kwako, siwezi kukudanganya. Kura yangu nilimpa Mwenye Ukumbi."

Cheche alidhani amesikia vibaya. "Mama! Hata wewe? Na ule mkono? Na chuma nilichokufungia pale zahanati?"

"Kwa sababu ya hicho hicho chuma. Hebu sikiliza usinikatize. Tulikuwa na fundi bomba. Kijana mzuri, mkono mwepesi. Tukamchagua kwa kumpenda. Tukapata nini? Tukapata mheshimiwa, na bomba likabaki linavuja. Wewe mwenyewe ulisema pale bombani kuwa ukishinda huchomelei tena."

"Nilikuwa naeleza utaratibu!"

"Na sisi tukaufuata. Fimbo ya mbali haiui nyoka, baba. Tukikupeleka huko kwenye kamati, huku nani atatushikia ngazi?"

"Lakini Mwenye Ukumbi, mama? Mtu wa makelele?"

"Kwa hayo makelele. Diwani mzima atakesha akipiga dansi, watu waseme nini? Atayapunguza mwenyewe kwa kulinda cheo. Na vikao vitamtoa mtaani." Akapuliza pumba. "Tulikaa tukalipima, mwanangu. Hatukukurupuka."

Chuki, Cheche angejua namna ya kuibeba, maana chuki hubebwa kwa kiburi. Lakini huyu mama alikuwa anamweleza kwamba mtaa mzima umemshusha kwa kumthamini, na kwamba ulifikiri vizuri. Kibaya zaidi, wiki ileile aligundua kuwa usiku umekuwa kimya. Mheshimiwa mpya alikuwa amezima spika kwa ajili ya hadhi yake, na Cheche, aliyekuwa amekusudia kutolala kwa uchungu, alilala fofofo mpaka akachelewa.

Akaamua kugoma. Kibanda alifungua, mageti ya wateja alitengeneza, lakini la mtaa hakuligusa. Komeo la choo likapinda, akapita akiimba kama wenzake. Mguu wa benchi ukalegea, akageuza shingo. Watu hawakumsumbua. Walimsubiri, kama anavyosubiriwa ndugu aliyesusa chakula na harufu inamfikia. Wapo waliojaribu kwa diwani. Waliambiwa yuko kikaoni, na kwa kweli alikuwa kikaoni. Walirudi wakiwa hawana kinyongo, kama watu waliothibitisha hesabu yao.

Mgomo ule uliishia mtaroni. Mwizi wa vyuma chakavu alipita akang'oa wavu mmoja, mvua ikanyesha, na Kipaza, akirudi kutoka dukani chini ya mwavuli, akaweka mguu mahali ambapo hapakuwa na kitu. Sauti yake ilisikika mpaka konani. "Tahadhari! Tahadhari! Kuna mtu huku chini!" Hata akizama hakuacha kutangaza.

Cheche alikimbia na mvua, akamkuta amezama hadi kifuani, mwavuli bado umefunguka juu yake. Alimshika kwapani akamvuta, wakaanguka wote wawili barabarani, matope mpaka nyusi.

"Na wewe?" Cheche alimuuliza akihema. "Na wewe ulimpa yule?"

Kipaza alitema maji. "Niliweka alama kwenye jina lako, ndugu yangu. Kwa wino uliokoza." Akakamua shati. "Ila nilisikia watu wanavyosema pale bombani, na sikuwabishia."

Cheche akacheka. Hakupanga, kilimtoka tu, kicheko cha mtu aliyekalia matope na hana tena suti ya kuchunga. Walicheka mpaka watu wakafungua madirisha.

Mvua ilipokatika alitoa mashine. Safari hii, hata hivyo, alisimama mbele ya kibanda akaita majirani kwa sauti, naye Kipaza, aliyekwisha badili nguo, akairudia ile sauti kwa ukubwa wake. Walipokusanyika, Cheche alisema, "Mmeninyima kura ili nibaki. Haya, nimebaki. Lakini mtu mmoja hashiki mtaa mzima. Anayetaka nondo ishikwe, aje aishike. Anayetaka zege, achanganye. Jumamosi kila nyumba ilete mikono. Na ambaye hatakuja..." Akatafuta adhabu, akaiona. "Nyumba zisipokuja, uchaguzi ujao nagombea tena, na safari hii nitajifunza kuhutubia."

Walicheka, lakini Jumamosi walikuja. Mama muuza mkaa alikanyaga zege kwa viatu vya mvua na kuwafokea wanaume. Mwenye duka la vitabu aligundua kuwa anapenda kukata nondo, akawa kero. Karani wa kata alikuja na karanga zake, akasema amekuja kuona kama kuna ruhusa, akapewa sepetu. Waliweka nyavu mpya zilizofungwa kwa zege, zisizong'oka. Jumamosi iliyofuata wakatengeneza ngazi zenyewe za zahanati, na baada ya hapo pakawa na mazoea. Pakitokea uvivu, Cheche aliuliza tu kwa sauti ya kawaida fomu zitatoka lini, na mikono ikaongezeka.

Mtaro ulipokamilika, Mheshimiwa alikuja kuuzindua, na utepe wake na mpiga picha wake. Alitoa hotuba ndefu kuhusu jinsi alivyoupigania vikaoni. Yawezekana aliupigania kweli; hakuna aliyekuwepo huko. Watu walimpigia makofi kwa moyo mmoja, maana wao ndio waliomtuma huko mbali na hawakutaka akate tamaa akarudi. Cheche naye alipiga makofi. Alipoombwa na mpiga picha asogee kidogo pembeni asizibe utepe, alisogea.

Asiseme mtu kwamba hakuumia. Suti alimrudishia shemeji, lakini kwa siku nyingi, alipokuwa peke yake kibandani, alijikuta amesimama mikono nyuma. Hilo hakumwambia mtu, na mkewe, aliyeliona, hakumuuliza.

Jioni moja walikuwa mezani. Mkono wa mama mkwe ulikuwa umepona, ila bado aliutumia kama sababu ya kutonyanyuka.

"Mheshimiwa," alisema bila kuinua macho kwenye sahani yake, "hebu nisogezee chumvi."

Cheche akasogeza chumvi, taratibu, akaiweka karibu kabisa na mkono wa mama yule. Masikio yake yalikuwa mekundu kama chuma kilichotoka motoni, na mkewe akainama kuokota kijiko ambacho hakikuwa kimeanguka.

"Ahsante, baba," alisema mama mkwe, akijinyunyizia. "Na ukimaliza kula, mlango wa jikoni haufungi vizuri."